Mstahiki Meya na Gazeti Lisilomstahi

Tarehe 23 Agosti 1879, mjini San Francisco, Charles de Young alikaa ndani ya gari la farasi karibu na kanisa la mchungaji Isaac Kalloch, akatuma mtoto akamwite mchungaji. Kalloch alipolisogelea gari, de Young akampiga risasi. De Young hakuwa jambazi. Alikuwa mmoja wa ndugu walioanzisha gazeti la San Francisco Chronicle, na Kalloch alikuwa mgombea wa umeya ambaye gazeti hilo halikumtaka. Chronicle lilikuwa limefukua kesi ya uzinzi iliyomkabili mchungaji huyo huko Boston mwaka 1857, likaianika upya mbele ya wapigakura. Kalloch naye alijibu jukwaani kwa kumtusi mama mzazi wa de Young. Huko kama kwetu, mama wa mtu akishatajwa, mjadala umekwisha.

Kalloch hakufa. Majeraha yalimletea huruma ya wapigakura, na wiki chache baadaye akachaguliwa kuwa meya. Aprili 1880 mwanawe aliingia katika ofisi za Chronicle akampiga de Young risasi, na safari hii mtu akafa. Wazee wa baraza walimwachia huru muuaji. Gazeti likabaki kwa ndugu wa marehemu na lipo hadi leo, na jina la familia limewekwa juu ya mlango wa jumba kubwa la makumbusho la mji huo.

Nimekianza kisa hiki makusudi. Ugomvi wa meya na gazeti hupenda kusimuliwa kama hekaya: huku mwandishi jasiri, kule mla rushwa mwenye kitambi. Ukisoma kumbukumbu zenyewe unakuta mambo mengine. Gazeti lina chuki zake na mwenye gazeti ana tamaa zake, na Kalloch na de Young walikuwa wanastahiliana kabisa. Hata hivyo, karibu kila ulinzi wa kisheria ambao mwandishi wa Marekani anautegemea leo umetokana na magomvi machafu ya namna hii. Watu wema hawakukaa mezani wakautunga. Ulipatikana kwa sababu watu wawili wenye kiburi walikataa kuachiana.

Meya hugombana na magazeti kwa namna ambayo rais hawezi. Rais yuko mbali. Meya ndiye mwenye zabuni za barabara, leseni za baa, viwanja, maji, takataka na, katika miji mingi ya Marekani, polisi. Mhariri anapita kwenye barabara ile ile yenye mashimo, na pengine watoto wao wanasoma shule moja. Juu ya yote, gazeti dogo hula kwa matangazo ya halmashauri. Mtu anayekulisha ndiye unayetakiwa kumchunguza, na yeye analijua hilo vizuri kuliko wewe.

Silaha hiyo ya matangazo ilinolewa vizuri New York. Mwishoni mwa miaka ya 1860 jiji lilikuwa mikononi mwa genge la William Tweed, na meya alikuwa Oakey Hall, mwanasheria mtanashati, mcheshi, mpenda tamthilia. Genge liliyanyamazisha magazeti mengi kwa kuyamwagia matangazo ya serikali ya jiji. Wasomaji wa Nairobi wanaokumbuka mwaka 2017, serikali ilipoyanyima magazeti ya biashara matangazo yake na kuyakusanya katika jarida lake yenyewe, watauelewa mchezo huo bila kuelezwa. New York Times, likiwa bado gazeti la kawaida miongoni mwa mengi, lilianza mashambulizi mwaka 1870 bila ushahidi wa maana. Ushahidi uliletwa mwaka uliofuata na James O'Brien, sherifu wa zamani ambaye hakuwa na uchungu wowote na walipa kodi: aliwadai wenzake fedha, wakamnyima, akanakilisha vitabu vyao vya hesabu.

Julai 1871 Times lilianza kuchapa hesabu hizo kama zilivyo, safu kwa safu. Jengo la mahakama lililokuwa bado halijakamilika lilikuwa limemeza mamilioni, na fundi mmoja wa lipu alikuwa amelipwa fedha za kutosha kupaka lipu mtaa mzima na ukabaki mwingine wa akiba. Mhasibu wa jiji, Richard Connolly, alimwahidi mmiliki wa gazeti, George Jones, dola milioni 5 anyamaze. Thomas Nast, mchora katuni wa jarida la Harper's Weekly, alipewa ofa ya dola laki 5 aende Ulaya "kusoma sanaa". Wote wawili walikataa. Genge likajaribu njia nyingine: vitabu vya kampuni ya Harper vikafukuzwa shuleni, na hati ya kiwanja cha Times ikaanza kutiliwa shaka ghafla. Haikusaidia. Tweed alifia jela mwaka 1878.

Meya Hall ndiye ninayemfikiria zaidi. Alishitakiwa mara tatu na hakupatikana na hatia hata mara moja. Alijitetea kwamba alikuwa akitia saini hati nyingi mno kiasi cha kutoweza kuzisoma. Baadaye akawa mhariri wa habari za jiji katika gazeti la New York World. Alipohamia London alimshitaki James Bryce kwa kitabu kilichosimulia habari za genge lile, na kesi hiyo ikajikokota kwa miaka bila kumpa chochote. Hadi uzeeni alikuwa anatafuta mahakama itakayolifuta lililochapwa na Times.

Kuitafuta mahakama ilikuwa ndiyo silaha iliyofuata, na aliyeitumia kwa kishindo zaidi alikuwa meya wa Chicago.

William Hale Thompson, maarufu kama Big Bill, alizaliwa Boston mwaka 1869 katika familia ya matajiri, akaenda ujanani kuchunga ng'ombe magharibi, akarudi na kofia pana ambayo aliivaa kisiasa maisha yake yote. Alikuwa meya kuanzia 1915 hadi 1923, na tena kuanzia 1927 hadi 1931. Mwaka 1926 alipanda jukwaa la ukumbi wa tamthilia akiwa na panya wawili katika tundu, akawaita majina ya mahasimu wake na kuwahutubia mbele ya umati. Mwaka uliofuata alifanya kampeni ya kuahidi kumpiga ngumi mfalme wa Uingereza, ambaye hakuwa amesikika akigombea chochote Chicago. Al Capone alimpenda. Lakini weusi wa upande wa kusini wa jiji nao walimpenda, na kwa sababu zilizo wazi: aliwapa ajira katika jiji na kuzungumza nao kama raia wakati wanasiasa wengine wa vyama vyote viwili waliona haya kuonekana nao. Waandishi wanaomchora Thompson kama kichekesho tu huruka ukurasa huo.

Mbele yake lilikuwa Chicago Tribune, chini ya Kanali Robert McCormick, ambaye alipigana vita vya kwanza vya dunia Ufaransa na kuliita shamba lake Cantigny, kwa jina la kijiji cha vita hivyo. Babu yake, Joseph Medill, alikuwa bwana wa Tribune na vilevile meya wa Chicago baada ya moto mkubwa wa mwaka 1871. Kwa hiyo katika familia ile gazeti na umeya viliwahi kulala nyumba moja bila kugombana. Kaka wa Kanali, Medill McCormick, alimshinda Thompson katika mchujo wa useneta wa chama chao mwaka 1918. Thompson naye hakuacha kuwakumbusha watu kwamba jengo la Tribune lilisimama juu ya ardhi ya shule za umma, kwa mkataba wa kodi ambao wakosoaji waliuona wa kutupa. Usitafute hapa gazeti lisilo na masilahi.

Mwaka 1920 Tribune liliandika kwamba jiji limefilisika na halikopesheki. Thompson hakwenda mahakamani kwa jina lake. Alilipeleka jiji lenyewe: Jiji la Chicago likalishitaki gazeti likidai fidia ya dola milioni 10, kwa hoja kwamba habari zile zimelivunjia heshima sokoni na kulizuia kuuza hati zake za mkopo. Hoja hiyo ilikuwa na akili. Mtu binafsi akidai fidia ya kashfa anapaswa kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyechafuliwa. Jiji lina mikopo, lina mkopeshaji, na hasara yake inaweza kupigiwa hesabu. Na lau jiji lingeshinda, kila meya nchini angepata njia ya kulifilisi gazeti kwa fedha za walipa kodi, bila kutoa senti mfukoni mwake.

Jaji wa kwanza aliitupa kesi, na mwaka 1923 Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois ikaunga mkono. Aliyeandika hukumu alikuwa jaji mkuu aliyeitwa pia Thompson, asiye na undugu na meya. Msimamo wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuupata: raia ana haki ya kuisema serikali anavyotaka bila kuogopa kushitakiwa kwa kashfa, labda awe amechochea watu kuipindua kwa nguvu, na hakuna mahakama ya juu kabisa nchini Marekani iliyowahi kusema kwamba serikali inaweza kumshitaki mtu kwa kuikashifu yenyewe. Jiji likihesabiwa kuwa na heshima ya kulindwa mahakamani, basi mwenye mamlaka ndiye atakayekuwa anaivaa heshima hiyo.

Tribune nalo halikukaa. Lilimfungulia Thompson na wenzake kesi kwa niaba ya walipa kodi, likidai fedha walizolipwa wathamini wa ardhi kwa ada za ajabu. Mwaka 1928 jaji aliamuru meya na wenzake warudishe zaidi ya dola milioni 2. Thompson alivunjika moyo vibaya, lakini mwaka 1930 mahakama ya rufaa ya mwisho ya jimbo ikaibatilisha hukumu hiyo.

Mwaka huo huo wa 1930 ukaja msiba wa gazeti. Tarehe 9 Juni, Jake Lingle, mwandishi wa Tribune wa habari za uhalifu, aliuawa kwa risasi kwenye njia ya chini ya barabara katikati ya jiji, mchana kweupe. Tribune lilimlilia kama shujaa na kutangaza zawadi ya dola 25,000 kwa atakayesaidia kumnasa muuaji. Kisha hesabu zikaanza kutoka. Lingle alilipwa dola 65 kwa wiki, lakini alikuwa akitumia kiasi cha dola 60,000 kwa mwaka. Mkanda wake ulikuwa na bizimu ya almasi aliyopewa na Capone. Gazeti lililokuwa likimwita meya mtumwa wa majambazi lilikuwa na jambazi katika chumba chake cha habari.

Mwaka 1931 Thompson alishindwa na Anton Cermak, mhamiaji aliyezaliwa Bohemia, na Tribune likamzika kisiasa kwa tahariri ya matusi mazito ambayo bado inanukuliwa. Alipokufa mwaka 1944, visanduku vyake vya benki vilifunguliwa vikakutwa na noti taslimu zaidi ya dola milioni 1. Kuhusu tabia ya meya, basi, Tribune lilikuwa limepatia.

Mwaka wa kuanguka kwa Thompson ndio mwaka ambao Kanali McCormick alipata ushindi mkubwa kuliko wote, na aliupata kwa kumlipia mawakili mtu ambaye hakustahili hata kumsalimia. Jay Near alikuwa na kijigazeti mjini Minneapolis kilichoitwa The Saturday Press. Kilianza Septemba 1927 na kikafa Novemba baada ya matoleo tisa. Near aliwachukia Wayahudi, Wakatoliki, weusi na vyama vya wafanyakazi, na aliandika hivyo bila kuficha. Katika uchafu huo aliandika pia kwamba wakuu wa mji, akiwemo mkuu wa polisi na meya George Leach, walikuwa wamewaacha majambazi wa kamari na pombe watambe. Mshirika wake, Howard Guilford, alipigwa risasi mara tu toleo la kwanza lilipotoka; hilo peke yake linaonyesha kwamba si yote waliyoandika yalikuwa ya kubuni.

Minnesota ilikuwa na sheria ya mwaka 1925 iliyoruhusu jaji kulifunga gazeti la kashfa kama kero kwa umma, sawa na danguro au klabu ya pombe haramu. Gazeti likafungwa. Haikuhitaji ramli kwa McCormick kuona kwamba sheria kama hiyo ikivuka mpaka na kuingia Illinois, Big Bill angeitumia kabla ya chakula cha mchana. Akamtuma wakili wake, Weymouth Kirkland, hadi Washington. Tarehe 1 Juni 1931, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali haiwezi kulizuia gazeti kabla halijachapwa kwa sababu tu limezoea kukashifu. Aliyekashifiwa aende mahakamani baadaye. Kura moja tu ilikuwa baina ya magazeti ya Marekani na jaji mwenye kufuli.

Sheria ya kashfa, hata hivyo, ilibaki, na huko kusini ikapata kazi mpya. Machi 1960 New York Times lilichapa tangazo la kulipiwa la kumchangia Martin Luther King, lenye makosa madogo madogo kuhusu mambo ya Montgomery, Alabama: wimbo waliouimba wanafunzi, idadi ya mara King alizokamatwa. L. B. Sullivan, diwani aliyesimamia polisi, na Meya Earl James walishitaki, ingawa tangazo halikumtaja yeyote kati yao kwa jina. Kila mmoja alipewa na wazee wa baraza dola laki 5. Nakala zilizofika Montgomery zilikuwa za kuhesabu kwa makumi. Na gazeti la mji je? Mhariri wa Montgomery Advertiser alilishambulia tangazo hilo kwa tahariri kali. Kwa mara moja gazeti la nyumbani na meya waliimba wimbo mmoja, na wimbo huo ulikuwa wa kuwafukuza wageni wasione yanayotendeka.

Machi 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha ushindi wa Sullivan bila jaji hata mmoja kupinga. Jaji William Brennan aliandika kwamba kiongozi wa umma hawezi kushinda kesi ya kashfa bila kuthibitisha kuwa mwandishi alijua anasema uongo au hakujali kama ni kweli. Na alipotaka kuonyesha kwamba serikali yenyewe haina kashfa ya kudai, aliifungua ile hukumu ya Chicago ya 1923. Miaka 29 baadaye mabwana wa sheria wa Uingereza, walipoikatalia halmashauri ya Derbyshire kulishitaki gazeti la Sunday Times, nao wakaegemea hukumu hiyo hiyo. Big Bill, aliyeahidi kumtandika mfalme wa Uingereza, ameingia katika sheria za Uingereza kwa mlango huo. Ningetoa kitu kidogo kumwona usoni akiambiwa.

Mameya waliofuata walipoona mahakama imefungwa, wengi walijifunza kufunga mlango wao badala yake. Rob Ford, meya wa Toronto kuanzia 2010, alikataa kuzungumza na Toronto Star hadi limwombe radhi ukurasa wa mbele kwa habari liliyoiandika kabla ya uchaguzi. Ofisi yake ililiruka gazeti hilo, lenye wasomaji wengi kuliko yote mjini, hata katika taarifa za kawaida kwa vyombo vya habari. Yeye na kaka yake walikuwa na kipindi chao cha redio kila Jumapili, na huko waliwafikia watu wao bila kuulizwa swali. Kwa wafuasi wake, gazeti kumchukia Ford lilikuwa sifa yake.

Mei 2013 waandishi wa Star waliandika kwamba wameona video ya meya akivuta kitu kilichoonekana kuwa kokeini. Hawakuwa na nakala ya video. Gazeti lingethubutu hivyo miaka mitano kabla? Nina shaka. Desemba 2009 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi iliyolihusu Star lenyewe, ilikuwa imeamua kwamba mwandishi aliyechunguza kwa uangalifu jambo lenye masilahi ya umma analindwa hata akishindwa kuthibitisha kila neno. Ford alikana. Oktoba 31 mkuu wa polisi alitangaza kwamba video imepatikana, na Novemba 5 meya akakiri. Madiwani walimnyang'anya madaraka mengi mwezi huo huo, lakini mwaka 2014, akiwa mgonjwa wa saratani, kata yake ya zamani ilimrudisha kwenye baraza. Alikufa 2016. Gazeti lilithibitika kusema kweli, na maelfu hawakuona kwamba hilo linawahusu.

Kuna jambo baya kuliko ugomvi. Bell ni mji mdogo karibu na Los Angeles, wenye watu wasiofika 40,000, wengi wao wafanyakazi wa kipato cha chini. Haukuwa na gazeti la kukaa katika vikao vya halmashauri. Julai 2010 waandishi wawili wa Los Angeles Times, Jeff Gottlieb na Ruben Vives, waligundua kwamba mkurugenzi wa mji alikuwa analipwa karibu dola laki 8 kwa mwaka, na madiwani wa kazi ya muda wakipokea karibu dola laki 1 kila mmoja. Mkurugenzi alifungwa, meya alipatikana na hatia. Miaka yote waliyokuwa wakijipandishia mishahara, hakuna mstahiki wa Bell aliyekasirishwa na tahariri, maana hapakuwa na mhariri.

Clarksdale, Mississippi, mji wa watu kama 14,000, bado una gazeti. Februari 2025 Clarksdale Press Register liliandika tahariri kulalamika kwamba halikupewa taarifa ya kikao maalumu ambacho meya Chuck Espy na bodi yake walipitisha azimio la kuomba bunge la jimbo liruhusu kodi mpya kwenye pombe, bangi na tumbaku. Bodi ikalishitaki gazeti kwa kashfa. Aliyeshitaki, kwenye karatasi, ulikuwa mji wenyewe, kama Chicago mwaka 1920, na madai yalikuwa kwamba tahariri imekwamisha jitihada za meya huko bungeni. Tarehe 18 Februari jaji aliamuru tahariri iondolewe mtandaoni kabla gazeti halijasikilizwa. Mwenye gazeti aliitii amri na kuitangaza kwa kila aliyetaka kusikia. Mashirika ya wanahabari yakashika kalamu, mawakili wakajitokeza kulitetea, na hukumu ya 1923 ilikuwa imekaa pale pale ilipoachwa. Siku sita baada ya amri ya jaji, bodi ilipiga kura kuiondoa kesi. Tahariri ikarudi mtandaoni, ikasomwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Mississippi na wasiojali kabisa kodi ya tumbaku ya Clarksdale.